Kipimo cha Malaria Kikisema Hakuna

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Kyumbi, pale barabara ya kwenda Machakos inapoachana na barabara kuu ya Mombasa. Leo ningependa tuzungumze juu ya homa. Lakini si ile tuliyoizoea. Nataka tuzungumze juu ya homa ambayo mtoto ametobolewa kidole, mmengoja dakika kumi na tano au ishirini, na kipimo kikasema hakuna malaria.

Akina mama huipokea karatasi ile kwa namna mbili. Wa kwanza humshukuru Mungu, humfunga mtoto mgongoni na kwenda nyumbani kupika, kwa sababu ameambiwa hakuna. Wa pili hukasirika. Huniambia, "Sista, mtoto anachemka hivi, nawe waniambia hana kitu?" Akitoka hapo huenda moja kwa moja kwa kemisti akanunua dawa ya malaria kwa pesa yake mwenyewe. Huyu wa pili mimi ninamwelewa, maana amesema ukweli nusu. Mtoto kweli ni mgonjwa. Karatasi ile haikusema kwamba mtoto hana ugonjwa. Imesema tu kwamba katika tone lile la damu, siku ile, vijidudu vya malaria havikuonekana. Swali la ugonjwa gani bado liko mezani, na wewe mama ndiwe mwenye sehemu kubwa ya jibu.

Kabla sijaendelea, tafadhali mtu asinisikie vibaya. Malaria ipimwe kwanza, kila mara. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila mtu anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na Kenya inafuata hivyo. Hapa kwetu Machakos malaria si nyingi kama kule Ziwani au Pwani, na kwa sababu hiyo hiyo watoto wetu hawana kinga nayo. Mtoto wa Kyumbi akienda Kisumu au Kwale likizo akarudi na malaria, inaweza kumlemea haraka sana. Tena kipimo cha leo ni cha leo. Homa ikiendelea siku moja au mbili baada ya kipimo kusema hakuna, mrudishe mtoto apimwe tena. Kurudi si kumsumbua muuguzi.

Na mtoto aliye chini ya miezi mitatu, akiwa na homa, usingoje lolote. Mlete.

Sasa, kipimo kimesema hakuna. Hapo ndipo neno jingine huingia haraka, nalo ni taifodi. Mtu mzima au mtoto akiwa na homa hapa Kenya, isipokuwa malaria basi ni taifodi, na mara nyingi huambiwa ana zote mbili! Taifodi ipo, na ni ugonjwa mbaya. Lakini kile kipimo cha zamani kiitwacho Widal, kinachofanywa kwa tone la damu na dawa ya kugandisha, kinaweza kusema ndiyo kwa mtu aliyeugua taifodi miaka iliyopita, au kwa mtu aliye na homa nyingine kabisa. Taifodi huthibitishwa vizuri kwa kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu huko maabara. Mimi nikiona mtu amepewa taifodi mara nne kwa mwaka mmoja, huanza kujiuliza kama hata mara moja ilikuwa taifodi.

Homa za watoto zina sababu nyingi: masikio, koo, mapafu, mkojo, surua. Muuguzi atakayemshughulikia mtoto wako atamwangalia huko kote, kwa hiyo usishangae mtoto wa homa akiulizwa habari za kukojoa. Lakini leo nataka tukae kwenye kundi moja ambalo hatulizungumzii vya kutosha, nalo ni homa za virusi ziletwazo na mbu.

Wengi wetu tunajua kwamba mbu huleta malaria tukakomea hapo. Kumbe mbu hubeba mengine. Kuna homa ya dengi, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita pia kidingapopo. Kuna chikungunya. Kuna homa ya manjano. Kuna homa ya Bonde la Ufa. Kuna o'nyong-nyong, iliyotokea kaskazini mwa Uganda mwaka 1959 ikaenea Afrika Mashariki na kuwalaza watu wengi sana, na hiyo huletwa na mbu wa aina ile ile aletaye malaria. Haya si magonjwa ya mbali. Chikungunya yenyewe ilitambuliwa mara ya kwanza katika nyanda za Wamakonde huko kusini mwa Tanzania mwaka 1952, na jina lake ni la Kimakonde, likimaanisha hali ya mtu kukunjika kwa maumivu. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, karibu na Naivasha, mwaka 1931.

Nawe mama wa Kyumbi utaniuliza, haya yananihusu nini mimi? Dengi ni ya Mombasa. Ni kweli, dengi imeonekana zaidi Pwani na kaskazini mashariki. Ilikuwa Malindi na Kilifi mwaka 1982, ikaonekana Mandera mwaka 2011, ikaitikisa Mombasa mwaka 2013, tena 2017, tena 2021. Lakini fikiria Kyumbi ni mahali pa namna gani. Mabasi ya Mombasa hupita hapa mchana na usiku. Malori na matrela husimama. Baba wa nyumba fulani ni dereva au turnboi, shangazi anafanya kazi Mtwapa, watoto huenda huko Desemba na wajomba huja huku Pasaka. Mtu akiumwa na mbu wa dengi, hahisi lolote siku ile. Homa huja baadaye, mara nyingi kati ya siku nne na siku kumi. Kwa hiyo mtu anaweza kuumwa na mbu Likoni Jumapili, akapanda basi Jumatatu akiwa mzima kabisa, akaanza kutetemeka akiwa hapa kwetu Ijumaa. Muuguzi anayemwona hapa asipoambiwa habari za Likoni, atajuaje?

Hata ule mji wenyewe wa Mombasa ulijifunza kwa taabu. Wakati wa mlipuko wa mwaka 2013 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakipima watu damu. Walikuta takriban watu 13 katika kila 100 wakiwa na alama za dengi ya wakati ule au ya karibuni. Na wengi waliokuwa wameugua homa wakaenda kutafuta matibabu walikuwa wameambiwa kwamba wana malaria. Kama ilikuwa hivyo katikati ya mlipuko, sisi wa huku bara tusidhani kwamba tutaitambua kwa macho.

Basi hutambuliwaje? Nitaanza na dalili, ingawa dalili peke yake hazitoshi. Dengi huanza kwa ghafula. Asubuhi mtoto alikuwa anacheza, jioni anachemka. Mkubwa atakwambia kichwa kinampasuka, na maumivu yako nyuma ya macho, hata kugeuza macho ni shida. Misuli na mifupa humuuma. Anaweza kutapika, na baada ya siku chache akatokwa na vipele. Mtoto mdogo hawezi kukueleza haya yote. Yeye utamwona amenuna, hataki kula, hataki kubebwa, basi.

Chikungunya nayo hushika viungo. Vifundo vya miguu, viganja, vidole, mara nyingi pande zote mbili. Kuna mtu mzima atashindwa kushika kikombe cha chai. Mtoto aliyekuwa akitembea anaweza kukataa kusimama. Homa huisha kwa siku chache, lakini maumivu yale yanaweza kubaki majuma au hata miezi, na wengine husingiziwa uvivu bure. Chikungunya haiui watu wengi, lakini mama mjamzito akiugua siku za kujifungua, mtoto mchanga anaweza kuambukizwa na kuugua vibaya. Kwa hiyo mjamzito aliyekaribia siku zake akiwa na homa na viungo vinamuuma, aje mapema na aseme siku zake zimekaribia.

Homa ya manjano hupewa jina hilo kwa sababu baadhi ya wagonjwa hugeuka macho kuwa manjano. Ilizuka Kenya katika Kaunti ya Isiolo mwaka 2022. Macho yakiwa manjano pamoja na homa, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, iwe ni homa ya manjano au ni ini kwa sababu nyingine.

Kuhusu homa ya Bonde la Ufa, nawasihi wafugaji wanisikilize. Hii huja hasa mvua ikizidi, kama mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na tena mwishoni mwa 2006 hadi 2007, ambapo zaidi ya watu 150 walifariki hapa nchini. Mbu huipeleka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nao mifugo hutoa mimba, na vindama na vimbuzi hufa kwa wingi. Watu wengi huambukizwa kwa kushika damu ya mnyama mgonjwa, kumchinja, au kumsaidia anayetoa mimba. Daktari wa watu hawezi kujua kwamba mbuzi wako watatu wametoa mimba juma moja. Ukija na homa, sema habari za mbuzi. Usione ni aibu kuzungumza habari za zizi ndani ya chumba cha daktari.

Sasa tuje kwenye vipimo vyenyewe, na hapa naomba usikivu wenu, kwa sababu hapa ndipo siku huwa na thamani kuliko kitu kingine chochote. Mtu akiingiwa na virusi vya dengi, siku za mwanzo za homa virusi vyenyewe vimejaa katika damu. Siku ya kwanza hadi karibu siku ya tano, maabara inaweza kutafuta virusi hivyo au kipande chake. Baada ya hapo virusi huanza kutoweka, na mwili huwa umetengeneza askari wake wa kupigana navyo. Askari hao huanza kuonekana vizuri kuanzia siku ya tano hivi. Kwa hiyo kuna kipimo cha siku za mwanzo na kuna kipimo cha siku za baadaye. Ukitafuta askari siku ya pili, hawajafika. Karatasi itasema hakuna. Ukitafuta virusi siku ya tisa, vimeshaondoka. Karatasi itasema hakuna. Na mtoto ana dengi mara zote mbili!

Ndiyo sababu nikikuuliza, "Homa ilianza lini?" usinijibu, "Juzi juzi hivi." Nataka siku. Nataka kujua kama ilikuwa Alhamisi asubuhi au Alhamisi usiku. Siku ile homa ilipoanza ndiyo siku ya kwanza, na wala si siku uliyokuja kwangu.

Kuna jambo jingine linalochanganya. Dengi, homa ya manjano na nyingine kadhaa ni virusi vya ukoo mmoja, na askari wanaotengenezwa dhidi ya kimoja wanaweza kufanana na wa kingine. Vivyo hivyo chikungunya na o'nyong-nyong ni ndugu. Mtu aliyechanjwa homa ya manjano kwa ajili ya safari, au aliyewahi kuugua dengi zamani, aseme, ili anayesoma majibu asidanganyike. Na dengi ina aina nne. Ukiugua aina moja unapata kinga ya aina hiyo, lakini ukipata aina nyingine baadaye, inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza. Kwa hiyo maneno "mimi niliwahi kuwa na dengi Mombasa" si ya kujisifu tu, ni habari ambayo daktari anaihitaji.

Zahanati ndogo kwa kawaida haina vipimo hivi. Mtoto anaweza kupewa barua ya kwenda hospitali kubwa, au damu ikachukuliwa ikapelekwa maabara ya Nairobi, kama ile ya taasisi ya utafiti ya KEMRI, hasa pale mlipuko unaposhukiwa. Majibu yanaweza kuchukua siku kadhaa, nasi hatungoji majibu ndipo tumtunze mtoto. Kuna kipimo cha kawaida zaidi, cha kuhesabu chembe za damu, ambacho hospitali nyingi zinacho. Katika dengi, chembe nyeupe mara nyingi hupungua, na zile chembe ndogo zinazogandisha damu hushuka. Zikishuka huku damu yenyewe ikizidi kuwa nzito, daktari hujua kwamba mtoto anaelekea pabaya. Ndiyo maana anaweza kutaka kuhesabu tena kesho na kesho kutwa. Akina mama hunung'unika kwamba mtoto anamalizwa damu. La, kijiko kidogo cha damu hakimmalizi mtoto, na hesabu ya jana haituambii ya leo.

Kuna pia kipimo cha mkanda wa presha. Muuguzi hufunga mkanda mkononi, huujaza upepo kiasi na kuuacha dakika tano, kisha huangalia kama vidoa vidogo vyekundu vimetokea chini yake. Ni cha bei nafuu, lakini kwa ngozi zetu nyeusi vidoa hivyo ni vigumu kuviona, kwa hiyo kisipoonyesha kitu tusitulie kabisa.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo hasa limenileta hapa leo.

Katika malaria, homa ikishuka baada ya dawa tunafurahi, na tuna haki. Katika dengi, homa ikishuka ndipo saa ya hatari inapoanza. Hii hutokea kati ya siku ya tatu na ya saba. Kwa watoto wengi joto hushuka na mtoto anapona, na hamu ya kula inarudi. Lakini kwa wachache, wakati ule ule joto linaposhuka, mishipa midogo ya damu huanza kuvuja. Maji ya damu hutoka ndani ya mishipa na kuingia tumboni na kifuani. Damu inayobaki huwa nzito na haba, presha huanguka, mikono na miguu hupoa. Mama akigusa paji la uso anasema, "Asante Mungu, amepoa." Kumbe amepoa vibaya. Hali hii hudumu saa 24 hadi 48, na mtoto akipata maji ya mshipani yaliyopimwa vizuri katika saa hizo, wengi hupona kabisa. Akibaki nyumbani, anaweza kufa katika saa hizo hizo.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna mtoto wa miaka sita, tumwite Mwende. Mama yake alimpeleka harusini Mombasa, wakarudi Kyumbi Jumapili. Alhamisi usiku homa ikaanza. Hiyo ni siku ya kwanza. Ijumaa wakamnunulia dawa dukani. Jumamosi, siku ya tatu, wakaja kupima malaria, hakuna. Kama mama atasema habari za Mombasa siku hiyo, kile kipimo cha siku za mwanzo bado kina nafasi ya kufanya kazi, na sisi tutajua cha kuangalia. Jumatatu, siku ya tano, Mwende anaamka amepoa. Mama anataka kwenda sokoni. Hapo ndipo namwomba mama huyo akae kidogo amwangalie mtoto. Je, analalamika tumbo linamuuma sana? Anatapika tena na tena? Ametoka damu puani au kwenye fizi, au choo chake ni cheusi kama lami? Amelegea, hataki kuamka, au kinyume chake anahangaika na kulia bila kutulia? Mikono na miguu ni baridi ingawa jua linawaka? Amekaa saa sita bila kukojoa? Hata moja tu kati ya hayo linatosha. Asiende sokoni. Achukue matatu au bodaboda aende hospitali, na akifika aseme maneno haya: "Homa ilianza Alhamisi, imeshuka leo, lakini mtoto ameharibika zaidi." Neno hilo humfanya muuguzi yeyote aache anachoandika.

Kuhusu dawa, homa hizi za virusi hazina dawa ya kuua virusi tunayoweza kukupa. Dawa za kuua bakteria hazisaidii. Tunachofanya ni kumtunza mtoto mpaka mwili ushinde. Homa na maumivu mpe parasetamoli, kwa kipimo cha uzito wake kama ulivyoelekezwa, si zaidi ya mara nne kwa siku nzima ya saa 24. Usimpe aspirini. Usimpe brufeni. Wala usikubali achomwe ile sindano ya maumivu ya diklofenaki huku hatujajua ni homa gani. Dawa hizi huongeza kutoka damu, na mtoto wa dengi tayari chembe zake za kugandisha damu zimepungua. Najua sindano ile hupendwa sana hapa kwetu. Mtu huhisi hajatibiwa kama hajachomwa, na wenye maduka wanajua hivyo. Lakini nakuomba uulize jina la kila dawa kabla ya kuipokea, na usome pakiti, kwa sababu baadhi ya vidonge vya kichwa vina aspirini ndani yake bila kuandikwa kwa herufi kubwa.

Cha pili ni vinywaji. Maziwa ya mama kwa anayenyonya, mara nyingi kuliko kawaida. Kwa mkubwa, maji safi, uji mwepesi, maji ya ORS, kidogo kidogo. Ukimpa kikombe kizima akatapika, ngoja dakika kumi, kisha mpe kijiko baada ya kijiko. Na akiwa na homa katika juma lile la kwanza, mlaze ndani ya neti hata mchana. Neti hii si ya kumlinda yeye tu. Mbu akimuuma mgonjwa siku zile, baadaye anaweza kupeleka virusi kwa ndugu zake.

Mbu wa dengi na chikungunya ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, na huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Hazai kwenye mto wala kwenye bwawa. Huzaa nyumbani kwako, katika maji masafi yaliyotulia: pipa, tangi lisilofunikwa, mtungi uliokatwa mdomo, tairi nyuma ya nyumba, hata sahani iliyo chini ya chungu cha maua. Na hapa nina neno kwa Ukambani. Mlipuko mkubwa wa chikungunya ulioanza Lamu mwaka 2004 haukuja na mafuriko. Ulikuja wakati wa ukame, watu walipokuwa wakihifadhi maji nyumbani bila kuyabadilisha mara kwa mara. Ilikadiriwa kwamba watu watatu katika kila wanne wa Lamu waliambukizwa. Sisi tunaojua shida ya maji, tunaopanga mitungi mlangoni wiki nzima, hatuwezi kusema kwamba kiangazi ni likizo ya mbu. Sitakwambia umwage maji, maana najua umeyanunua. Yafunike, kwa kifuniko au kitambaa kilichofungwa vizuri, na mara moja kila juma pipa likipungua lisugue kuta zake za ndani kwa brashi. Mayai ya mbu huyu hugandama pale ukutani, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji yarudi.

Mwisho, chukua kile kijitabu cha kliniki cha mtoto wako, au daftari lolote. Homa ikianza, andika siku na saa. Andika mahali mtoto alipolala katika siku 14 zilizopita, na kama mgeni wa nyumbani alitoka mbali. Andika nani mwingine katika boma au ploti ana homa, kwa sababu homa ya watu watano wa ploti moja ni habari ambayo mhudumu wa afya ya jamii anapaswa kuipeleka mbele haraka. Andika habari za mifugo. Andika kila dawa uliyompa, pamoja na ile uliyopewa na jirani, na usiogope kwamba nitakufokea. Karatasi hiyo mpe muuguzi kabla hata hajatafuta kidole cha kutoboa.

Aliye na swali juu ya mtoto mwenye homa leo, asingoje mazungumzo ya juma lijalo. Aje kituoni, tupo. Kwaherini.